Dakta Saumu wa Nchi ya Madaraja

Njia ya kwenda Nchi ya Madaraja siwaelezi, maana ninawajua ninyi: leo mtaniita mwongo, kesho mtanibembeleza niwapeleke. Nilifika, basi. Mimi ni mwanamke wa Tanga, miguu yangu imezoea kwenda na mdomo wangu umezoea kusema, na ya huko nayasema kama nilivyoyaona. Mwenye kucheka na acheke.

Nchi yenyewe ni miamba iliyochomoza majini, na juu ya miamba hiyo zimejengwa Nyumba Kumi za Serikali. Kila nyumba ina madaraja matatu ya kamba na mbao, yanayokwenda kwenye nyumba nyingine tatu. Kila asubuhi watu husimama milangoni wakaimba wimbo wa taifa, nao una maneno matatu tu: "Mtu ni daraja." Niliposikia mara ya kwanza moyo wangu ulifurahi. Nikasema, hawa ndio watu, wamejua kwamba kazi ya mtu ni kumvusha mwenzake.

Kumbe wapi! Wao wakisema daraja wanamaanisha cheo. Mtu bila cheo si mtu, na katika nchi nzima hakuna vitu viwili ambavyo havijapangwa kipi cha juu na kipi cha chini. Vijiko vya seti moja vina mkubwa wao. Mapacha, aliyetangulia kulia ndiye anayetangulia kula. Nilimkuta bwana mmoja anavaa kiatu cha kushoto kwanza, nikamuuliza kulikoni, akaniambia kwa huzuni kwamba cha kulia kimeshushwa cheo.

Aliyenipokea alikuwa Afisa wa Wageni, mtu mpole tu, sharubu lake la kushoto refu kuliko la kulia. Akaniuliza, "Bi Mgeni, utakunywa chai au kahawa?"

"Yoyote baba, kwangu ni sawa."

Loo! Akarudi nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Akapuliza filimbi. Askari wakaja, wakanizunguka, na mkubwa wao akaniuliza kwa sauti ya mahakamani: "Kipi zaidi?"

"Kipi zaidi cha nini?"

"Umetamka neno lile. Katika nchi hii, mtu akitamka neno lile huulizwa kipi zaidi, naye hujibu, jambo likaisha. Chai au kahawa, kipi zaidi?"

Mimi nina tatizo langu: nikilazimishwa, hata nilichokuwa nakitaka sikitaki tena. Nikawaambia chai na kahawa ni sawa, na wao wote ni sawa, na hata yule aliyewatuma ni sawa na wao. Askari mmoja aliziba masikio. Hukumu ikatoka palepale, kwamba nikae nyumba moja na mtu mwenye kosa kama langu, ili ugonjwa usisambae. Na mtu wa namna hiyo katika nchi nzima alikuwa mmoja tu.

Nikavushwa mpaka Nyumba ya Ukingoni, ambayo kwa cheo ni ya mwisho katika zile kumi. Njiani nilijiandaa kukutana na jambazi. Nilichokikuta ni mwanamke mwembamba wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, amesimama katikati ya wanafunzi walioshikana kwa kamba huku na huku, wote wanacheka mpaka wanashika mbavu.

"Karibu, mwenzangu katika uhalifu," akasema. "Mimi Saumu Vuai. Dakta, kama unapenda vyeo. Umelisema mara ngapi?"

"Mara moja. Halafu nikaongeza kwa hasira."

"Basi wewe mwanafunzi. Mimi nimelisema maisha yangu yote."

Nilimpenda hapohapo. Tulipokwisha kula nikamuuliza kazi yake ni nini hasa. Akachukua misumari, akaigonga kwenye ubao, akafunga nyuzi baina ya baadhi yake.

"Hii ndiyo elimu yangu," akasema. "Nukta na nyuzi. Misumari hii iite watu, iite nyumba, iite unavyotaka. Uzi maana yake ni kwamba hawa wawili wanajuana. Sasa fumba macho. Nikiwahamisha hawa, huyu aende kwa yule na yule aje kwa huyu, bila kukata uzi hata mmoja, ukifumbua utajua kama nimegusa?"

Nikafumbua. Nikatazama. "Sijui wallahi."

"Ehe! Mahamisho ya namna hiyo, ambayo mtazamaji hawezi kuyatambua, mimi huyakusanya nikayafanyia hesabu, kama wengine wanavyojumlisha namba. Na hesabu hiyo huniambia ni misumari ipi katika umbo hili iliyo..." Akachungulia dirishani, akamalizia kwa kunong'ona, "iliyo sawa."

Sasa mnaona balaa la huyu mama. Elimu yake nzima inaelekea kwenye neno moja, na neno lenyewe ndilo lililopigwa marufuku. Kila hoja aliyoiandika ilibidi aimalizie kwa kuzungukazunguka. Safari moja aliandika mwishoni, "kwa hiyo vitu hivi viwili havijaachana sana," na waliomsahihisha wakamrudishia na swali jekundu: "Kipi kimeachwa?"

Mambo ya usomi katika nchi ile yana utaratibu wake, nami nitayasema bila kuongeza chumvi. Makala ya msomi hupimwa kwa mizani ya bucha. Dakta Saumu aliwahi kuleta hoja yake bora kuliko zote, ya ukurasa mmoja, wakaiweka kwenye mizani, mshale haukutikisika. Wakamshauri aongeze nyama. Profesa Ngwali, bingwa wa Elimu ya Ngazi, makala yake ililetwa na wapagazi, mmoja wao akateguka kiuno, na kule kuteguka kukahesabiwa kama sifa ya ziada.

Halafu kuna kutajana. Kila asubuhi, wimbo wa taifa ukiisha, maprofesa hufungua madirisha. Mmoja hupaza sauti: "Kama alivyosema Profesa Ngwali!" Ngwali naye hujibu toka kwake: "Kama alivyosema Profesa Faki!" Faki hupokea na kumtaja wa tatu, na wa tatu humrudia wa kwanza. Nikauliza walisema nini hao waliosema. Watu wakanitazama kwa huruma. Sauti ya Dakta Saumu, toka huko Ukingoni, haikuwahi kumfikia mtu, kwa hiyo na yeye hakuwahi kutajwa.

Na darasa je? Darasani hukaa mkaguzi anayepima kina cha somo kwa miayo. Wanafunzi wakipiga miayo sana, somo ni zito. Wakicheka, ni jepesi. Kwa Dakta Saumu mkaguzi hakupata hata mwayo mmoja, na baya zaidi, alijikuta yeye mwenyewe anacheka, akaandika ripoti kali ili kujitakasa.

Kwa mwenendo huo mama wa watu alikwama kwenye uhadhiri miaka na miaka, wanafunzi aliowafundisha kutembea wakampita wakikimbia. Na sasa ilikuwa imebaki nafasi yake ya mwisho kuomba Kiti, maana huko uprofesa ni Kiti kwelikweli, kina miguu na mto. Akikataliwa safari hii, sheria inasema darasa lake lifungwe, wanafunzi wagawiwe kwa Profesa Ngwali, na yeye ahamishiwe Idara ya Kufuta Vumbi la Viti.

"Kufuta vumbi sijali," aliniambia. "Hata hapa nafuta. Lakini wale wanafunzi, Bi Mgeni. Ukiwapeleka kwenye Ngazi wataanza miayo, na mtu akishazoea miayo hawezi tena kushangaa. Darasa hili ndilo nililonalo duniani." Nami hasira zikanipanda, nikaosha vyombo kwa fujo mpaka nikavunja sahani, bahati nzuri ya cheo cha chini.

Siku ya Baraza tulivuka mpaka Nyumba ya Kati. Hii ndiyo nyumba ya Mheshimiwa Mbaraka Shaali, Mwenyekiti wa Viti Vyote, mzee mnene mwenye sauti nzuri na joho la dhahabu. Ukutani ilitundikwa Ramani ya Taifa: Nyumba ya Kati iko katikati, na nyumba tisa zimeizunguka duara. Watu wakipita mbele ya ramani ile huinama kidogo.

Profesa Ngwali, mrefu, kofia yake ndefu zaidi, akafungua kikao. "Mwombaji aseme hoja yake. Kwa ufupi, maana haitakuwa na uzito."

Dakta Saumu akasimama. "Hoja yangu ni kwamba Nyumba ya Ukingoni iko katikati."

Ukumbi ulivuma. Mtu mmoja akaangusha fimbo.

"Na Nyumba ya Kati?" akauliza Mwenyekiti, uso umembadilika.

"Nayo iko katikati, Mheshimiwa. Na ya Kodi, na ya Samaki, na ya Mihuri. Zote kumi."

Ngwali akacheka puani. "Hili halihitaji digrii, linahitaji macho. Ramani ile pale!"

"Ramani ni picha ya madaraja," akajibu Saumu. "Nami nitazihamisha nyumba mbele yenu bila kuvunja daraja hata moja. Naomba kila nyumba inipe mtu."

Mwenyekiti hakusubiri kuombwa, alikwishasimama katikati ya ukumbi, kwa sababu kusimama katikati ndiyo kazi anayoijua. Ngwali akasimama kwa Nyumba ya Ngazi. Kutoka Ukingoni alikuja Bi Mize, mpishi wetu, na aproni yake. Wanafunzi wakagawa kamba, kila daraja kamba yake, ikishikwa huku na mtu wa nyumba hii na kule na mtu wa nyumba ile. Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na kamba tatu: moja mkono wa kulia, moja wa kushoto, moja kiunoni. Walipokwisha kujipanga, ilikuwa Ramani ya Taifa kabisa, ila hii inapumua.

"Haya jamani, sharti moja tu," akasema Saumu. "Asiachie mtu kamba. Bi Mize, njoo katikati. Mheshimiwa, mpishe, pita pale. Profesa, inama."

"Niiname?"

"Chini ya kamba, Profesa, la sivyo kofia itabaki."

Kofia ikabaki. Loo, ningewapa nini muone vurumai ile! Mtu wa Kodi anapita chini ya mkono wa mtu wa Samaki, mtu wa Mihuri amekwama kiunoni anazunguka kama pia, wanafunzi wanaelekeza, "Kushoto Mzee, kushoto! Kushoto kwako!" Bi Mize alipopishana na Mwenyekiti alimnong'oneza jambo, mzee akajitazama kifuani, akashtuka. Alikuwa amelivaa joho lile kinyume tangu alipopewa, na huko katikati hakuna aliyethubutu kumwambia.

Kamba zikanyooka. Bi Mize akawa katikati, wenzake tisa duara. Tukatazama watu, tukatazama ukuta. Umbo ni lilelile. Kamba zinapita mlemle. Lililobadilika ni majina tu, na Mwenyekiti wa Viti Vyote alikuwa amesimama ukingoni kabisa, karibu na mlango.

"Nimeshushwa!" akapiga kelele.

"Kuna kamba uliyoiachia, Mheshimiwa?"

Akahesabu. "Hapana."

"Kuna jirani uliyempoteza?"

Akafuata kamba zake kwa macho, moja moja. "Hapana. Ni walewale."

"Ita jirani zako, na wao waite jirani zao. Anayesikia jina lake ajibu."

Akaita. Watatu wakajibu, nao wakaita wenzao, na ukumbi mzima ukajibu, hakubaki hata mmoja. Bi Mize naye, kutoka katikati, akaita hivyohivyo. Watatu, kisha wote.

"Sasa Mheshimiwa," akasema Saumu kwa upole, "umeshushwaje?"

Mzee akazihesabu tena kamba zake. Na hapo mtu wa Samaki akadakia, "Na mimi nataka katikati!" Basi ikawa zamu kwa zamu. Samaki akaingia, Kodi akaingia, na kila aliyeingia umbo lilirudi lilelile. Hata Ngwali, msimwone vile, aliomba zamu yake, akasimama katikati anatabasamu bila kofia. Wanawake wakapiga vigelegele. Mtu wa Mihuri alipochoka mimi nikazishika kamba zake, nikaizunguka nchi nzima nikicheka. Sijapata kufurahi hivyo tangu harusi ya dada yangu.

Lakini Ngwali hakuwa profesa bure. Alipookota kofia yake, akili zake zikamrudia, akagonga meza.

"Vizuri! Mwombaji amethibitisha kwamba hakuna aliye juu. Sasa nauliza. Kiti ni cheo cha juu. Akikikalia, amekuwa juu, na hoja yake ni ya uongo, na mwenye hoja ya uongo hapewi Kiti. Akikikataa, basi amekataliwa Kiti, na sheria ya aliyekataliwa tunaijua. Dakta Saumu, chagua. Kiti, au ukweli?"

Nilimtazama Saumu, nikaona rangi inamtoka. Wanafunzi wake walikuwa bado wamesimama baina ya kamba, hakuna aliyecheka tena, na mmoja akaanza kulia wazi. Nikajisemea, yarabi, mtego gani huu, kila mlango una msumari.

Saumu akaanza, taratibu, kuimba wimbo wa taifa. "Mtu ni daraja." Watu kwa mazoea wakasimama.

"Tumeuimba huu tangu utotoni," akasema. "Lakini walioutunga hawakuwa wapanga vyeo. Walikuwa watu juu ya miamba, hawawezi kufikiana. Wakafunga kamba, wakatandika mbao. Siku walipoweza kuvuka wakaimba. Ndugu zangu, hivi nyinyi mlidhani walikuwa wanaimba daraja gani?"

Akaokota kamba moja, akainyoosha mbele yao.

"Daraja lina upande huu na upande ule. Juu na chini halina. Profesa, Kiti chako sikitaki, na sijakataliwa, mimi ndiye ninayekikataa. Ninachokitaka ni darasa langu. Nataka kuwavusha hawa. Basi."

Nyuma kabisa ya ukumbi mtu akaurudia wimbo, polepole, kama anayeonja chakula alichokila miaka yote bila kujua kilivyotengenezwa. Wengine wakapokea. Niliona wazee wanafuta macho. Mimi mwenyewe nililia, wala sioni haya.

Mheshimiwa Mbaraka, zamu zote zilipokwisha, alikuwa ameishia tena mlangoni, joho kinyume, kamba kiunoni. Watu wote wakamgeukia. Akapangusa uso.

"Sawa," akasema.

Mkuu wa askari, maskini, akatoa filimbi. Sheria ni sheria. "Mheshimiwa... Umetamka... Nani zaidi?"

"Hakuna," akasema mzee. "Darasa lisifungwe."

Askari akabaki na filimbi mdomoni. Sheria haikumfundisha la kufanya mtu akijibu hivyo. Akatazama juu, akatazama chini, kisha filimbi ikatoa mlio mdogo, maana alikuwa anacheka. Kiti chenyewe Bi Mize alikiomba, akikalie akimenya vitunguu.

Msidhani nchi iligeuka siku ile. Kesho yake madirisha yalifunguliwa, "Kama alivyosema Profesa Faki!" na Ngwali alianza makala nyingine, nzito, ya kueleza kwamba aliyasema yote haya kabla ya Saumu. Lakini darasa la Nyumba ya Ukingoni lilikuwa halina pa kuweka mguu. Walikuja watu wa Samaki na watu wa Kodi, wakakaa madirishani. Nami nilibanwa ukutani, ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuondoka.

Somo likiwa limepamba moto, Saumu anahamisha misumari kwa kasi huku anaeleza, mlango ukafunguliwa. Akaingia Mheshimiwa Mbaraka, peke yake, bila joho. Watu wakataka kusimama, akawaashiria wakae. Akajipenyeza kwenye benchi la mbele baina ya wanafunzi wawili, akatoa miwani, akatazama ubao. Akakunja uso. Akatazama tena. Niliona jasho linamtoka. Mzee yule alikuwa ameongoza wasomi wote wa nchi ile, na kwa muda wote huo mbele ya kila ubao alikuwa akitikisa kichwa kama anayejua.

Akainua mkono.

"Mwalimu," akasema, "sijaelewa."

Saumu alimgeukia, na furaha iliyokuwa usoni kwake, hata Viti vyote vya ulimwengu visingempa. Akavuta kigoda, akakaa mbele ya yule mzee, magoti kwa magoti.

"Wapi, baba?" akasema. "Tuanzie hapo."